Miezi Miwili kwenye Chumvi

Misheni, mwendo wa siku moja kutoka Dodoma
Jumapili, tarehe 20 Julai 1913

Kwa kaka yangu mpendwa Yoramu, Karakana ya Reli, Tabora

Shikamoo, kaka. Kabla ya kuchovya kalamu nimejiapiza kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo ningependa yabaki kwangu. Nakuomba usiikunje ukiwa katikati. Isome mpaka chini, kwa maana lililo zito liko huko.

Natumaini inakukuta mzima, wewe na wifi Yudith, na kwamba kile kidole ulichokigonga kwa nyundo kimeota ukucha mpya. Je, wifi ameyazoea maji ya Tabora? Mimi huku sijambo, na kikohozi cha mwezi wa tatu kimekwisha. Mavuno ya uwele yalikuwa ya wastani, si ya njaa wala si ya sherehe. Kipupwe kimeingia, nasi asubuhi tunakwenda maombini tumejifunika mashuka. Vumbi linasimama hewani kutwa nzima bila kuanguka, na jioni vilima vinakuwa hafifu, kama vitu vilivyochorwa kwa mkaa kisha mtu akapitisha kiganja juu yake. Nyakati hizo hukaa ukutani nikatazama upande wa reli, nikawaza kwamba reli hiyohiyo inapita mlangoni pako, na ya kwamba ningeigusa kwa kidole labda wewe ungeisikia.

Sasa habari zenyewe. Mwezi wa tano Bibi wa shule alituita sisi wasichana wakubwa, ambao ni sita tu. Alisema tumejifunza kusoma, kuhesabu, kushona pindo na kuimba kwa sauti tatu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa na mtu afanyaye kazi mpaka akaielewa kazi ile. Kwa hiyo kiangazi hiki kila msichana atakwenda kukaa miezi miwili kwa mtu mwenye ujuzi wake, afanye kwa mikono yake mwenyewe, kisha arudi kutufundisha sisi wengine. Wazee wa kanisa walinung'unika. Mmoja aliuliza kama tunasomeshwa ili tukachimbe udongo. Bibi akamjibu kwamba yeye mwenyewe anakula chakula cha chungu miaka kumi na miwili sasa na hajui chungu kinazaliwaje, naye anaona haya.

Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, mimi ndiye niliyepewa daftari la mpango. Kaka, sijawahi kupewa kitu nikakipenda namna ile. Kila kazi ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na maswali ambayo Bibi aliyatunga usiku kucha: nani atamfundisha msichana, atalala wapi, siku ya kwanza atashika nini mkononi, ni hatari gani zilizopo, na nani atakwenda kumtazama kila Jumamosi. Swali la mwisho ndilo nililolipenda kuliko yote, nalo lilipasa kuulizwa kwa kila fundi: ungependa msichana awe anajua nini kabla hajafika kwako? Mwanamke mfinyanzi alisema ajue kunyamaza, maana vyungu hupasuka kwa maneno mengi. Mshonaji wa Kihindi sokoni Dodoma alisema ajue kunawa. Niliyaandika yote sawasawa, na mchana wakati wenzangu wamelala mimi nilijilaza kivulini na daftari kifuani, nikawaona wasichana sita wametawanyika juu ya uwanda wote huu, kila mmoja penye moshi wake, na mimi nikiwaona wote kwa pamoja kana kwamba nimekuwa ndege.

Moshi wangu mimi nilikwisha kuuchagua. Hospitali ya misheni ina nafasi moja tu ya msichana, ya kuchemsha bandeji na kukaa na wagonjwa, na tangu nilipougua mimi mwenyewe nimetamani kazi hiyo kama mtu atamanivyo maji. Lakini Raheli naye aliitaka, na Raheli ana mikono mitulivu kuliko yangu. Bibi alisema ataamua mpango ukishakamilika.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa chumvi. Jumamosi ya tarehe tano nilitumwa pamoja na Ruthu, yule msichana anayetoka kijijini kila siku, twende kwenye mbuga ya chumvi tukamwulize mwanamke aitwaye Mama Mbeho kama atapokea wasichana wawili. Tuliondoka jogoo la kwanza. Chumvi hukwanguliwa alfajiri tu, kabla ya jua kuikausha na upepo kuichukua, nasi tulifika wakati ule ardhi yote ilikuwa nyeupe na mbingu haijapata rangi. Sikujua ninakanyaga nini. Wanawake walikuwa wameinama mbalimbali wakikwangua kwa vigae, wala hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ile ya vigae. Nikadhani pengine nimekufa njiani bila kujua, na mahali pale ndipo wanapopelekwa watu wapole.

Mama Mbeho alitupokea mekoni pake, penye vyungu vilivyotobolewa vinavyochuja maji ya magadi, na vingine vinavyotokota mpaka chumvi ibaki. Ni mwanamke mrefu, mwenye jicho moja dogo kuliko lingine. Alikuwapo pia Bashiri, mfanyabiashara wa Busi kule Kondoa, aliyekuja na punda wake wanne kununua chumvi. Nilisalimu, nikafungua daftari, nikaeleza mpango wote kama Bibi alivyonifundisha. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akaniuliza mimi ni wa nyumba gani. Nikamtajia ukoo wa baba yetu kama ulivyonikaririsha, na jina lake baba. Akaweka chini upawa wake. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akamgeukia Bashiri.

"Bashiri, leo usiondoke na chumvi tupu," akasema. "Nyumba ile ya walafi imeniletea mali. Hawa wawili wakija na wenzao, nitawanenepesha mwezi mmoja, wewe utawapitisha Kondoa. Huyu mwenye daftari namtoa kwa kondoo watatu."

Bashiri alinizunguka taratibu huku ameshika kidevu. Akasema mimi ni mwembamba mno, kwamba nitammalizia maji ya njiani kabla hajafika Haneti, na kwamba kwa msichana wa namna hii yeye hutoa kondoo mmoja, tena kilema. Mama Mbeho akasema nina meno yote na ninajua kuandika, kwa hiyo nitamwandikia mnunuzi hati ya kuninunua mimi mwenyewe. Wakabishana bei. Wanawake wengine wakaja kusimama karibu, mmoja akanishika mkono akaupima. Ruthu alikuwa ameziba mdomo kwa shuka, mabega yakimtetemeka, nami nikaona kwamba analia.

Kaka, sikukimbia. Nilikumbuka kazi niliyotumwa, nikauliza swali la mwisho, ungependa msichana awe anajua nini. Mama Mbeho akajibu kwamba ajue kutembea amefungwa kamba. Nikaaga kwa adabu, nikamshika Ruthu mkono, tukaondoka. Njiani Ruthu alitaka kusema jambo, mimi nikamwambia tusiongee mpaka tufike, tusije tukafuatwa. Kwao ni kabla ya kufika misheni, akaingia huko. Na kwa kuwa kwao walikuwa wanapura uwele, hakuja shule juma lile.

Niliandika yote katika daftari, neno kwa neno: kondoo watatu, kondoo kilema, Kondoa, kamba. Unajua mwenyewe misheni hii ilianza na watu gani. Wale bibi wazee wawili wanaokaa nyumba ya nyuma bado wana alama za minyororo shingoni. Bibi aliposoma ukurasa ule alinikumbatia, jambo ambalo halifanyi. Alisema nimekuwa na moyo wa simba na macho ya shahidi, na kwamba msichana anayeweza kuona mambo kama hayo na bado akauliza swali lake la mwisho ndiye anayefaa kwa wagonjwa. Hospitali ikawa yangu. Raheli alinipongeza, na sauti yake ilikuwa njema kabisa.

Jumatatu ya juma hili lililokwisha wazee wa kanisa walikutana. Walisema mpango wote usimamishwe, wasichana wasitoke nje ya ukuta. Bibi akakataa kuuacha mpango, lakini akakubali kwamba serikali lazima ijue. Ikaandikwa barua ya kwenda boma la Dodoma: kwamba katika mbuga ya chumvi yuko mwanamke anayefanya biashara ya watu, pamoja na mtu wa Busi mwenye punda wanne. Unajua boma. Unajua kiboko, unajua na minyororo ya wale wanaotengeneza barabara. Mzee Bartolomayo, yule mpiga kengele, angeipeleka barua Alhamisi asubuhi baada ya maombi, kwa sababu Jumatano alikuwa na arusi ya mjukuu wake.

Sasa, kaka, nimefika pale nilipoapa kufika.

Jumanne jioni Ruthu alikuja misheni kuleta kikapu cha uwele mpya. Nikamweleza mambo ya barua. Akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaniuliza, "Loisi, uliuandika ule utani?" Nikamwuliza utani gani. Ndipo akanieleza, taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba ukoo wa Mama Mbeho na ukoo wa baba yetu ni watani tangu zamani, wao ndio huzika watu wetu na sisi huzika wao, na kwamba mtani akikukuta ana haki ya kukutukana, kukunyang'anya, hata kukupiga bei, nawe unapaswa kumrudishia matusi makubwa zaidi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa, naye hulipa faini. Kule mbugani yeye Ruthu hakuwa analia, alikuwa anakufa kwa kicheko, na alingoja nimjibu mwanamke yule, nami sikumjibu. Bashiri naye aliingia tu ndani ya mchezo, kama wafanyavyo watu wa safari.

Kaka, humu ndani ya ukuta tumelelewa vizuri, lakini utani wa koo umekatazwa kwa sababu ya matusi yake, na mimi sikuwahi kuusikia kwa masikio yangu. Huo ndio udhuru wangu wa Jumamosi. Kwa Jumanne sina udhuru. Ruthu aliondoka akiamini kwamba nitakwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilifika mpaka mlangoni. Taa ilikuwa inawaka, naye alikuwa anaandika jina langu kwenye karatasi ya hospitali; nililiona kwa dirisha, Loisi, kwa wino mweusi, bado mbichi. Nikarudi kulala. Jumatano nikaenda arusini, nikaimba sauti ya pili. Nilijiambia kwamba pengine Bartolomayo ataugua, au boma halitajali, au Mungu mwenyewe atapata njia. Usiku ule niliota niko hospitalini, na kila bandeji niliyoichemsha ilitoka chunguni ikiwa nyeupe kama ile ardhi, na watu wakanitaka niilambe.

Alhamisi baada ya maombi Bartolomayo alikuwa amekwisha kuipachika barua kwenye ufito uliopasuliwa, kama zamani, maana anasema mfukoni barua hupata jasho. Alikuwa ameshafika penye mti wa kengele. Nilisimama katikati ya watu wote nikasema mwanamke yule ni mtani wetu, alikuwa anatania, na mimi ninajua hivyo tangu juzi. Nililisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo lakini nililisema.

Mzee Bartolomayo alicheka mpaka akaketi chini na ufito wake. Akauliza kwa nini hakuna mtu aliyemsomea barua ile. Yeye ni mzaliwa wa hapa, angewaambia bei ya kondoo watatu ni bei ya utani, hakuna aliyewahi kutoa kondoo watatu kwa mtu wa nyumba yetu. Bibi hakucheka. Alinichukua barazani, akafungua daftari langu kwenye ukurasa ule. Akasema, "Loisi, kila neno uliloliandika lilisemwa kweli, na ukurasa wote ni uongo. Uongo wa kwanza ni wangu mimi, kwa kuwa sikukufundisha kuuliza. Wa siku mbili ni wako." Alikata jina langu kwenye karatasi ya hospitali akaandika la Raheli. Nilimwazima kalamu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha akasema tutakwenda sote wawili kuomba radhi. Tulikwenda jana Jumamosi. Habari zilikuwa zimetutangulia, kwa kuwa Bartolomayo hawezi kukaa na kicheko peke yake. Bashiri alikuwepo tena, na aliponiona alianza kulalamika kwa Bibi kwamba amepata hasara, alikwisha kuahidi watu wa Busi msichana mwembamba wa kutisha ndege shambani. Bibi alisimama palepale kwenye weupe, kofia mkononi, akasema kwa Kiswahili chake kizuri kwamba tumekosa sana. Mama Mbeho akamwachia kigoda chake. Akasema mtani hachukii, lakini mtani anayempeleka mtani wake barazani kwa wakubwa amevunja mila, na faini yake si kuku. Faini ni kwamba mimi mwenyewe nije nikae mekoni kwake miezi miwili, kiangazi chote, nikwangue, nichuje, nichemshe, na kila siku nitukanwe mpaka nijue kujibu.

Bibi alifungua daftari. Alimwomba, kama yu radhi, ajibu tena lile swali la mwisho. Mama Mbeho akafikiri, safari hii bila mchezo.

"Andika," akasema. "Ajue jina la baba yake na asiogope kulitaja. Hilo alilileta. Mengine nitampa mimi."

Nilifikiri yamekwisha. Lakini Bibi alipokwenda kutazama vyungu, Mama Mbeho alinivuta kando, akakunja shuka lake mpaka juu ya kiwiko. Hapo pana kovu, kaka, duara dogo, la meno. Meno ya mtoto. Aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemzika mama yetu. Alifagia nyumba, akavaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye na kusema kama yeye, kama watani wafanyavyo ili wafiwa wapate kupumua. Kisha akanichukua mimi, niliyekuwa na miaka mitatu, akanitia punje ya chumvi ulimini, akatangaza kwamba ameninunua na kesho ataniuza kwa msafara wa pwani. Watu wote walicheka. Hata baba alicheka huku machozi yanamtoka. Mvulana mmoja tu hakucheka. Alimrukia akamng'ata mkono mpaka damu, na kabla ya mapambazuko mvulana yule hakuwepo, wala mimi sikuwepo.

Alitutafuta siku tatu kwa miguu yake. Alipofika misheni alituona kwa mbali tunakunywa uji, wewe umenishika kiunoni kwa mkono mmoja. Baba naye alikuja, na kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa njaa akaona afadhali tubaki kwenye uji, na njaa hiyohiyo ikamchukua yeye. "Tangu hapo," Mama Mbeho aliniambia, "miaka kumi na miwili, hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuja kunitukana. Ulipotaja jina la baba yako nilifurahi kupita kiasi. Ndiyo maana nikataja kondoo watatu."

Nikamwambia kwamba ana jicho moja la mbuzi. Ni tusi dogo, lakini alilipokea kwa mikono miwili, akalirudia kwa wanawake wote, na sauti za vigae zikasimama.

Kaka, siku zote uliniambia kwamba tulikimbia njaa, na mimi nimewaeleza hivyo watu wote. Sikulaumu. Ulikuwa na miaka kumi na ulinibeba mgongoni gizani, na kila nilichonacho, hata mwandiko huu, kinatokana na usiku ule. Lakini tangu jana nimekuwa nikitembea kama mtu aliyeamshwa ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Nikifumba macho naona weupe ule, na watu wamesimama ndani yake wakicheka kwa ajili yetu, na sisi wawili tunazidi kwenda mbali.

Bibi anasema haniruhusu kwenda mbugani mpaka wewe, mkubwa wangu, uandike kwamba umeridhia. Ni desturi ya mpango kwa kila msichana. Natakiwa kuanza tarehe mosi Agosti, na mstari mmoja utatosha. Nataka kwenda. Nilidhani nitakuwa nalia juu ya hospitali, na nimelia kidogo, lakini leo asubuhi nimejikuta nikiyatunga matusi wakati wa mahubiri.

Msalimie sana wifi Yudith, umwambie nitamletea chumvi niliyoichemsha mwenyewe, hata kama itakuwa na mchanga. Ruthu anakusalimu, Raheli anakusalimu, na Mzee Bartolomayo anasema ukija uje na kondoo. Mama Mbeho pia amenipa salamu zake kwako, lakini ni za kiutani na siwezi kuziandika siku ya Jumapili. Mungu aulinde mkono wako na nyundo yako.

Mimi ni mdogo wako akupendaye, Loisi.

Treni itapita Dodoma Jumatano, na nyingine itarudi Jumamosi. Kwa treni ya kurudi nijibu neno hili moja, hata kama mengine utayaacha: kaka, wewe ulijua lini kwamba alikuwa anatania?